Kabla ya Alama Kulikuwa na Jibu

Kuna filamu ya Marekani inaitwa Louder Than a Bomb. Ilitoka 2010, na kama hujaiona, itafute. Waongozaji wake, Greg Jacobs na Jon Siskel, waliwafuata vijana wa shule nne za Chicago na viunga vyake wakijiandaa kwa mashindano ya ushairi ya 2008. Hakuna mwigizaji hapo, ni watoto wa shule na maisha yao. Unawaona wakifuta mistari, wakibishana na walimu wao, wakiogopa kabla ya kupanda jukwaani. Mmoja wao, Nate Marshall, leo ni mshairi mwenye vitabu vyake.

Filamu ni kali, sina neno. Shida yangu ni yale maneno nayasikia kila ikiisha. Hapa Ayany ukiwaonyesha vijana wanaoandika, lazima mtu atasema, "Kumbe hii kitu ilitoka majuu." Na wengine wanatikisa kichwa kukubali. Hapo ndipo mimi nakataa. Wacha niwarudishe nyuma kidogo.

Tuanze na ukweli wao. Slamu, yaani mashindano ya ushairi yenye alama, ni ya Chicago kweli. Marc Smith, jamaa wa mjengo, aliianzisha katikati ya miaka ya 1980, na kuanzia 1986 ikapata makao kwenye klabu inaitwa Green Mill. Alikuwa amechoshwa na ushairi wa wasomi kusomeana wenyewe kwa wenyewe huku watu wakisinzia. Akachukua uamuzi akaupa watu wa kawaida waliokuja kuburudika. Baadaye kanuni zikatulia: majaji watano kutoka kwa umati, alama sifuri hadi kumi, dakika tatu, hakuna muziki, hakuna vifaa. Alama ya juu kabisa na ya chini kabisa zinatupwa, zile tatu za katikati zinajumlishwa. Mwaka 2001 Kevin Coval na Anna West wakaanzisha mashindano ya vijana, na hayo ndiyo yaliipa filamu jina lake.

Sawa. Lakini kushindana kwa mashairi, watu wakisikiliza na kuamua nani mkali? Hiyo pwani yetu iliijua kabla Chicago haijaitwa jiji. Fanya hesabu mwenyewe. Chicago ilipata hadhi ya jiji mwaka 1837. Muyaka bin Haji wa Mombasa alizaliwa karibu 1776 na kufa 1840. Karibu mwaka 1812, wakati Mombasa ya Wamazrui na Pate walipigana na Lamu kule Shela, vita vya maneno vilikuwa vinaendelea pia. Muyaka alikuwa upande wa Mombasa. Lamu nao walikuwa na washairi wao, na mashairi yakavuka bahari kwenda na kurudi. Unatupa neno, unangoja jibu. Lamu ikashinda vita, lakini Muyaka hakunyamaza. Aliandika siasa, mapenzi, biashara, ufukara, kila kitu cha mtaa wake.

Na hata hiyo haikuwa mwanzo. Kwenye karamu za gungu, mtu alitoa fumbo kwa ushairi na mwenzake akatakiwa alifumbue papo hapo, mbele ya wageni. Ule msemo wa fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua haukutoka hewani. Watu walikuwa wanapimana akili hadharani.

Desturi hiyo haikufa na Muyaka. Magazeti yaliibeba. Mambo Leo la Tanganyika, lililoanza 1923, lilikuwa na ukurasa wa mashairi. Huku kwetu Taifa Leo limekuwa likichapisha mashairi ya wasomaji, na hao wasomaji wanajibizana. Mtu anauliza swali kwa beti tano, wiki zijazo mtu wa mji mwingine anamjibu kwa beti tano, mara nyingi kwa vina vilevile. Huyu hajawahi kumwona yule. Wanajuana kwa mizani tu.

Sasa njoo Nairobi. Mwaka 2003 jarida la Kwani? lilianza, na karibu yake kukawa na usiku wa maiki wazi ambapo yeyote angeweza kusimama na kusema shairi lake. Mwishoni mwa muongo huo mashindano ya Slam Africa yakaanza jijini. Kiingereza, Kiswahili na Sheng vikapanda jukwaa moja. Kwa kijana wa Kibera au Kawangware, hiyo ilikuwa habari kubwa. Hakuna aliyekuuliza kama unajua mizani nane kwa nane. Hakuna aliyekuuliza ulipata gredi gani. Unapanda 46 au unatembea kwa mguu mpaka tao, unasema, unasikika.

Hiyo shukrani lazima niitoe, kwa sababu kuna wazee wa ushairi wanaoidharau slamu kuwa ni kelele bila vina. Hapana. Slamu ilifungua mlango ambao mtu asiyejua arudhi alikuwa anapita nje yake tu.

Lakini tulipochukua alama, kuna kitu tulikiacha kando: jibu.

Angalia vile raundi inaenda siku hizi. Unapanda, unamwaga moyo, majaji wanainua alama, unashuka. Anayefuata anapanda na shairi alilokariri wiki tatu, ambalo halijui kama wewe ulikuwepo. Ungesema mbingu imeanguka, yeye angeendelea na lake. Washairi kumi, vidonda kumi, hakuna aliyemjibu mwenzake. Muyaka akiketi hapo angeuliza: sasa nyinyi mnashindana na nani?

Hii ina gharama yake, na sisi watu wa Kibera ndio tunailipa. Alama zikiwa ndizo mwisho wa safari, mshairi anajifunza haraka ni nini kinaleta alama. Machozi yanaleta alama. Nimekaa kwenye mazoezi ya vijana wadogo mtaani nikasikia mtoto akiambiwa aongeze njaa kwenye ubeti wa pili, kwa sababu majaji wa nje ya mtaa watashikwa. Huyo mtoto alikuwa ameandika kuhusu nyanyake anayecheka sana. Nyanya akatolewa, njaa ikaingia. Sisemi njaa ni uongo, tunaishi nayo. Nasema mtu akiketi kwenye viti vya mbele kungoja mateso yako ili akupe tisa nukta tano, tayari amekuandikia shairi kabla hujashika kalamu.

Jibu halikubali mchezo huo. Ukijua mwenzako atasimama kukujibu, na yeye anakaa Gatwekera ama Laini Saba kama wewe, huwezi kutia chumvi ovyo. Atakuumbua. Na yeye naye, ili akujibu, lazima kwanza akusikilize mpaka mwisho.

Kumbukeni 2008. Mwaka huohuo vijana wa Chicago wanafuatwa na kamera wakijiandaa na mashindano yao, Kibera ilikuwa imetoka kuungua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, majirani waligeukiana, Toi Market ikateketezwa, reli ikang'olewa. Msanii mmoja wa hapa, Solo 7, alichukua rangi na brashi akaandika wito wa amani kwenye kuta, mageti na vibanda. Maneno machache tu, lakini yalikuwa jibu kwa kile mtaa ulikuwa unasema kwa mapanga na moto. Mashairi peke yake hayawezi kuzuia vita. Shela wenyewe walipigana. Ila mtaa ambao vijana wake wamezoea kupingana kwa maneno, na kumngoja mwenzao amalize, una kitu mkononi siku mambo yakichafuka.

Na wakubwa wanajua nguvu ya hiyo kitu. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka aliouita Kenya: Twendapi? Swali tu. Ndani ya jela akaandika mashairi kwenye karatasi za choo, yakatoka 1973 kama Sauti ya Dhiki. Mwaka 2025 wasichana wa Butere walienda Nakuru kwenye tamasha la kitaifa la drama na mchezo wao, Echoes of War. Mahakama ilikuwa imewaruhusu. Bado polisi walirusha vitoa machozi pale nje, na wasichana wakaimba wimbo wa taifa wakaondoka. Katika visa vyote viwili, vijana waliuliza na waliotakiwa kujibu walileta polisi. Basi tusijifundishe wenyewe kuishi bila kujibiwa.

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji mfadhili. Raundi ya kwanza ibaki vile iko: dakika tatu, alama, makofi. Raundi ya pili iwe ya jibu. Mnapiga kura, unapata jina la mwenzako, unapewa dakika ishirini na karatasi, unajibu shairi lake. Kiswahili, Sheng, lugha yoyote umati unaelewa. Majaji wasiulize nani amewaliza zaidi. Waulize nani amesikiliza vizuri na akajibu kwa akili.

Halafu turekodi. Mashairi ya Muyaka yaliokoka kwa sababu watu wa Mombasa waliyashika kichwani, na Mwalimu Sikujua akayakusanya akisaidiana na mmisionari William Taylor. Diwani yake ilichapishwa 1940, miaka mia moja baada ya kufa kwake. Chicago haikungoja hivyo. Kamera ilikuwa chumbani vijana wakiwa bado wanafuta mistari, na ndiyo maana leo mtoto wa Ayany anadhani ushindani wa mashairi ulizaliwa kwao. Simu unayosomea hii inarekodi vizuri. Mazoezi ni Jumamosi hii, kama kila Jumamosi. Kuja nayo ikiwa na chaji.