Misora Hibari: Sauti Iliyoitangulia Huzuni Yake

Wapenzi wa lugha na ushairi, katika fani yetu mtunzi na manju si lazima wawe mtu mmoja. Malenga hutunga, manju huimba, na msikilizaji huamini kwamba majonzi ni ya yule anayemwona jukwaani. Je, huzuni ya wimbo ni ya nani hasa? Swali hilo nimelikuta likiwa wazi kabisa katika maisha ya Misora Hibari, mwimbaji mashuhuri wa enka nchini Japani, ambaye tangu utotoni alishutumiwa kwa kuimba machungu asiyoyajua.

Jina lake la kuzaliwa ni Katō Kazue. Alizaliwa tarehe 29 Mei 1937 mjini Yokohama, binti wa muuza samaki. Jina la usanii lilikuja baadaye: Misora ni anga zuri, na Hibari ni kipozamataza, ndege aimbaye huku akipaa. Mwaka 1943 baba yake alipoitwa kutumikia jeshi la majini, binti huyo wa miaka 6 aliimba mbele ya waliokuja kumuaga, nao wakalia. Mama yake, Kimie, aliyaona machozi yale, na tangu hapo akawa mlezi na msimamizi wa sauti ya mwanawe hadi alipofariki mwaka 1981.

Vita vilipokwisha, mwaka 1946, Hibari alijitokeza katika shindano la waimbaji chipukizi la NHK, shirika la utangazaji la Japani. Kengele ya kufaulu haikulia. Waamuzi hawakumwona kuwa hajui kuimba. Kosa lake lilikuwa kuimba kama mtu mzima, jambo ambalo kwao halikumfaa mtoto. Mshairi Satō Hachirō naye aliandika kwa ukali dhidi ya watoto waigao waimbaji wakubwa. Hoja yao tusiidharau. Walishikilia kwamba neno lisilo na maisha nyuma yake ni uongo, na kwamba kumfundisha mtoto uongo huo ni kumdhulumu.

Umma uliamua vingine. Mwaka 1949, akiwa na umri wa miaka 12, aliigiza katika filamu *Kanashiki Kuchibue* na kuuimba wimbo wake akiwa amevaa suti ya kiume na kofia ndefu; mwaka uliofuata akaja na *Tokyo Kid*, akiwa katika sura ya mtoto wa mitaani. Naona hapa waamuzi walisahau jambo moja. Miji ya Japani ilikuwa imeteketezwa kwa mabomu, na mayatima walikuwa wakilala katika vituo vya treni. Mtoto wa miji ile alikwisha kuyaona ya wakubwa kabla ya wakati wake. Sauti pevu katika mwili mdogo haikuwa kioja kwa wasikilizaji hao, maana ndivyo walivyokuwa watoto wao.

Neno enka lenyewe lina historia inayostahili kutajwa. Ka ni wimbo. En ni sehemu ya neno linalomaanisha hotuba. Katika miaka ya 1880, wanaharakati wa haki za raia, walipobanwa wasihutubu, waliyageuza maneno yao kuwa nyimbo na kuziimba barabarani. Jina hilo likapoa, kisha mwishoni mwa miaka ya 1960 likashikamana na nyimbo za mapenzi yaliyovunjika, bandari, pombe na kukumbuka kwao. Kwa hiyo Hibari, aliyeanza na bugi na kuimba hata jazi, alikuwa maarufu kabla jumba aliloitwa malkia wake halijapewa jina.

Sisi tuhesabuo mizani tutakuta ndugu katika nyimbo hizo. Silabi za Kijapani, kama zetu, huishia kwa irabu, na ile n isimamayo peke yake huhesabiwa mizani moja, kama tunavyoihesabu m ya "mtu". Mshororo wa shairi letu hugawika 8 kwa 8. Kipimo kikongwe cha Wajapani ni 7 kwa 5, na enka nyingi hukifuata. Tofauti ni kwamba wao hawadai vina. Kazi ambayo kwetu kina huifanya mwishoni mwa kipande, kwao huachiwa koo: mwimbaji huivunjavunja irabu ya mwisho kwa mtetemo uitwao kobushi, na irabu moja hubeba noti tatu, nne.

Mfano bora ni *Kanashii Sake*, yaani "Pombe ya Huzuni", wimbo uliotiwa muziki na Koga Masao, wenye beti zinazofuata 7 kwa 5 kwa uaminifu. Mwimbaji mwingine aliurekodi mwaka 1960, na haukuvuma. Hibari aliuimba mwaka 1966. Kufikia hapo alikuwa amemwagiwa tindikali usoni na shabiki wa rika lake mwaka 1957, na ndoa yake na mwigizaji Kobayashi Akira, iliyofungwa mwaka 1962, ilikuwa imevunjika mwaka 1964. Maneno yalikuwa yale yale, mizani ile ile; akiuimba jukwaani machozi humtiririka, na sauti haiyumbi. Chombo kilikuwa tayari, na maisha yalikuwa yamekijaza.

Yaliyofuata yalikijaza zaidi. Baada ya miaka 10 mfululizo ya kufunga zamu ya wanawake katika tamasha la mwisho wa mwaka la NHK, aliachwa nje mwaka 1973 kwa sababu ya mdogo wake aliyehusishwa na genge la wahalifu. Mama akafa, kisha wadogo zake wawili wa kiume, na mwaka 1987 maradhi ya ini na mifupa ya nyonga yakamlaza hospitalini. Hata hivyo, tarehe 11 Aprili 1988 alisimama Tokyo Dome na kuimba nyimbo zipatazo 40, gari la wagonjwa likingoja nje.

Wimbo mkubwa wa mwisho uliotoka angali hai, *Kawa no Nagare no Yō ni*, ulitolewa Januari 1989. Unayatazama maisha kama mto unaokwenda zake, na unaruka ua wa 7 kwa 5. Maneno yake yalitungwa na Akimoto Yasushi, kijana wa takriban miaka 30. Hibari alifariki tarehe 24 Juni mwaka huo, akiwa na miaka 52, na serikali ikamtunuku Nishani ya Heshima ya Taifa, mwanamke wa kwanza kuipata.

Tazameni basi mzunguko huo. Mwanzoni mtoto aliazima huzuni ya watu wazima. Mwishoni kijana aliazima uzee wa mwanamke aliyekuwa akifa. Hakuna aliyemshutumu Akimoto kwa kutunga asiyoyaishi, kwa kuwa mtunzi tumempa ruhusa hiyo tangu zamani. Nadai kwamba manju naye anaistahili. Shairi hutangulia kufika, na maisha hulifuata nyuma, wakati mwingine baada ya miaka 20. Anayelighani leo bila kulielewa anaweza kuwa anajiwekea akiba. Malenga wenzangu mnaowakataza vijana kughani tenzi za mauti na mapenzi, nawaomba mlitafakari hilo.