Bawa na Bwawa

Mhandisi wa leo anayetaka kujua kama daraja litahimili mzigo huligawa kwenye kompyuta katika vipande vidogo, akakokotoa kila kimoja, kisha akaviunganisha. Ndivyo inavyokadiriwa milinganyo tofautishi yenye vigeu vingi, ambayo mara nyingi kwa kalamu na karatasi haitatuliki. Mbinu hii ya elementi zenye kikomo husimuliwa kama mali ya Marekani: mwaka 1956 Turner wa kampuni ya Boeing, pamoja na Clough, Martin na Topp, walichapisha makala kuhusu ukakamavu wa miundo ya ndege, yakiwemo mabawa, na mwaka 1960 Clough akaipa mbinu jina lake. Ni kweli, lakini ni nusu ya habari. Waliovuka mipaka, wengine kwa kufukuzwa, ndio walioikuza. Na palipofungwa njia, maarifa yalichelewa.

Ushahidi wa kwanza ni mwanahisabati Richard Courant. Mwaka 1928, akiwa Göttingen, yeye na Friedrichs na Lewy walionyesha kwamba mawimbi yakikokotolewa kwa gridi, hatua za muda zisipolingana na upana wa gridi, jibu haliaminiki. Mwaka 1933 utawala wa Wanazi ukamwondoa chuoni. Akafika New York, na mwaka 1943 akachapisha hesabu ya msokoto wa nguzo kwa kuligawa umbo katika pembetatu. Zienkiewicz naye, aliyekulia Poland na kuikimbia vita, ndiye aliyetoa kutoka Swansea mwaka 1967, akishirikiana na Cheung, kitabu kilichowafundisha wahandisi wa nchi nyingi.

Atasema mtu kwamba wahandisi wa Boeing hawakuongozwa na makala ya Courant. Sawa, na utengano huo wa wahandisi na wanahisabati ulikuwa na gharama. Katika miaka ya 1960 baadhi ya elementi za mabamba zilitoa jibu sahihi kwa mpangilio mmoja wa pembetatu, na jibu lenye kosa kwa mpangilio mwingine. Bruce Irons, mhandisi, alibuni jaribio la kuzichuja. Sababu yenyewe ilielezwa baadaye na wanahisabati.

Pingamizi zito zaidi ni mwanahisabati Feng Kang wa Beijing. China ilikuwa imejitenga, naye, kutokana na hesabu za mabwawa kama Liujiaxia kwenye Mto Njano, aliifikia mbinu hiyohiyo bila msaada wa Magharibi. Je, ushirikiano ulihitajika? Feng mwenyewe alikuwa amesoma Moscow mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa hiyo hakuanzia patupu. Na makala yake ya 1965, yenye uthibitisho kwamba makadirio huukaribia ukweli vipande vikipungua ukubwa, ilichapishwa kwa Kichina na kwa miaka mingi haikujulikana Magharibi. Mwaka 1968 Miloš Zlámal wa Brno alichapisha uchambuzi wake wa kihisabati wa mbinu hiyo, akiifanya upya kwa sehemu kazi ambayo Beijing ilikuwa nayo tayari kwa miaka 3.