Mtoto Atakuwa wa Nani?

Ng'ombe wa kogo kule Mosoriot akianza kulia usiku na kupanda wenzake, asubuhi mtu wa AI anapigiwa simu. Anakuja na pikipiki, mtungi wa nitrojeni umefungwa nyuma. Anatoa mrija mwembamba wa mbegu, anauyeyusha kwa maji ya uvuguvugu, anavaa glavu inayofika begani, na kabla chai ya kogo haijachemka ameshamaliza. Halafu anaandika karatasi: tarehe, ng'ombe gani, fahali gani. Kogo anaiweka kwenye mkebe wa majani chai. Kila ndama wake ana baba aliyeandikwa.

Nilikumbuka mkebe huo mwezi uliopita. Rafiki yangu, manzi wa hapa Eldoret, ana miaka 31, kazi nzuri, nyumba ya kupanga Kapsoya, na hataki bwana. Anataka mtoto. Alikuwa amehesabu siku zake kwa miezi minne ili ajue yai hutoka lini, amenunua bomba la sindano kwa kemisti, bila sindano yenyewe, na jamaa mmoja rafiki yake amekubali kumpa mbegu. Hawatalala pamoja. Itafanyika kwake, chumbani. Akaniuliza, kwa sababu anajua mimi niliacha chuo lakini sikuacha kusoma: "Wee, niambie tu ukweli. Huu ni uzungu?"

Basi nikaanza kuchimba.

Bomba lenyewe, ndiyo, lina historia ya Uzunguni. Mwishoni mwa karne ya 18, mfanyabiashara wa vitambaa jijini London alimwendea daktari John Hunter. Tundu la uume wake halikuwa mahali pake, na mbegu hazikumfikia mkewe. Hunter akamwambia apashe bomba joto, akusanye mbegu, aziingize yeye mwenyewe, nyumbani. Mke akapata mimba. Habari hiyo ilichapishwa mwaka wa 1799, Hunter akiwa ameshakufa. Kwa hivyo jambo hili lilianzia chumbani kabla halijahamia hospitali.

Hospitali nayo ilileta balaa yake. Mwaka wa 1884 huko Philadelphia, Marekani, daktari William Pancoast alimlaza kwa dawa ya usingizi mwanamke ambaye mumewe hakuwa na uwezo wa kuzaa. Mbele ya wanafunzi, akamtia mbegu za mwanafunzi mmoja. Mwanamke hakuulizwa. Baadaye mumewe aliambiwa, naye akaomba mkewe asijue kamwe. Siri ilitoka mwaka wa 1909, pale mmoja wa waliokuwepo alipoiandika kwenye jarida. Yaani kila mtu mle chumbani alijua mtoto ni wa nani, isipokuwa mama yake.

Kwetu Kenya, tekinolojia hii ilikuja kwa ng'ombe kwanza. Kituo cha Kabete kilianzishwa mwaka wa 1946, kwa ajili ya mbegu safi na kuzuia magonjwa ambayo fahali walikuwa wanaambukiza ng'ombe. Watoto wa kwanza wa binadamu waliotungwa maabara nchini walizaliwa Nairobi mwaka wa 2006. Miaka sitini kati ya kituo hicho na watoto hao.

Lakini nilipomwelezea kogo shida ya rafiki yangu, alicheka kwanza. Akasema, "Hapa si kulikuwa na wanawake waliooa wanawake?"

Wanandi wana jina la ndoa hiyo: kitum chi toloch. Toloch ni nguzo inayoshikilia paa. Mwanamke aliyefika umri wa kutozaa tena, na hana mtoto wa kiume, alihatarisha mali ya nyumba yake: ng'ombe wangeenda kwa wana wa wake wenza. Basi alitoa mahari, akaoa msichana. Kuanzia siku hiyo alihesabiwa kuwa mwanamume. Hakulala na wanaume tena, wala na mkewe. Mke alizaa na mwanamume ambaye hakuwa na dai lolote kwa mtoto. Baba, mbele ya ukoo, alikuwa yule mwanamke aliyetoa mahari. Mwanaanthropolojia Regine Smith Oboler alifanya utafiti Nandi miaka ya 1970, na makala yake ya 1980 bado ndiyo watu hurudia.

Na si hadithi za kale. Mwaka wa 2011, Mahakama Kuu ya Mombasa ilisikiliza kesi ya mirathi ya mwanamke wa Kinandi aliyekuwa ameoa. Jaji J.B. Ojwang alikubali kwamba mjane wake na watoto wana haki ya urithi.

Tusipambe, lakini. Ndoa hii ilikuwepo kwa sababu binti hakurithi. Mara nyingi aliyeolewa alitoka kwa maskini, au alikuwa ameshazaa nyumbani kwao na nafasi zake zilikuwa chache. Nguzo ilishikilia paa la mfumo uleule. Ninachowapa heshima ni kitu kimoja: walijibu swali kabla mtoto hajatungwa. Ng'ombe walitolewa mchana, watu wakaona, na kila mtu alijua mtoto ataitwa wa nani.

Sisi tuna bomba, jibu hatuna. Mbunge Millie Odhiambo amekuwa akisukuma mswada wa uzazi wa kusaidiwa tangu muongo uliopita. Wakati huohuo, Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya kutunzwa na mama na baba, wawe wameoana au la. Haiulizi mbegu ilifikaje. Kwa hivyo yule jamaa anaweza kujikuta baba anayedaiwa, au akaamka siku moja akamdai mtoto. Ahadi ya mdomo haifuti hilo. Halafu kuna damu: Ukimwi, kaswende, hepatitisi B. Kipimo cha leo kinaweza kukosa maambukizi ya wiki jana, ndiyo maana kliniki hugandisha mbegu na kumpima mtoaji tena baada ya miezi. Mbegu mbichi ya rafiki haingoji hivyo.

Nilimwambia rafiki yangu hayo yote, tukiwa tumekaa kitandani kwake. Nikampa pia swali la kogo: "Huyo kijana, watu wake wanajua?"

Akanyamaza. Hakuwa amewaza juu ya mama ya jamaa, yule ambaye siku moja angemwona mtoto sokoni na kutambua paji la uso.

Mwezi huu hakuhesabu siku. Wamekubaliana wapimwe, wapimwe tena baada ya miezi mitatu, halafu waketi na wakili, na jamaa aongee na mama yake. Bado anamtaka mtoto, pengine kuliko mwanzo. Bomba liko kwenye droo, halijafunguliwa. Kando yake ameweka daftari, na ukurasa wa kwanza ameuandikia mtoto, amweleze alikotoka.