Vibali vya wamisionari wageni nchini Tanzania

Vibali vya wamisionari wageni ni idhini ambazo kanisa, jumuiya ya Kiislamu au shirika lingine la dini huombea watu wasio raia ili waishi na kufanya kazi nchini Tanzania. Wanaohusika ni mapadre, wachungaji, watawa na walimu wa dini, pamoja na wahudumu wanaotumwa katika hospitali na shule za mashirika hayo.

Usajili wa shirika

Shirika linaloomba lazima liwe limesajiliwa. Makanisa na jumuiya nyingi husajiliwa na Msajili wa Jumuiya katika Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, kwa Sheria ya Jumuiya (Sura 337). Parokia au usharika wa kijijini, kwa mfano katika kata ya Kanazi wilayani Ngara, kwa kawaida hupitisha ombi lake kwa jimbo au dayosisi.

Vibali viwili

Kibali cha kazi, kwa Tanzania Bara, hutolewa na Kamishna wa Kazi kwa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Daraja D ni la shughuli za dini na za hisani zilizosajiliwa. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Wamisionari huwekwa katika daraja C, pamoja na wanafunzi, watafiti na watu wanaojitolea.

Kuwa na kibali kimoja hakumwondolei mtu haja ya kile kingine. Visa ya matembezi haimruhusu mgeni kufanya kazi, hata ya kujitolea. Daktari mgeni hana budi pia kusajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kwa kuwa kibali cha kazi hutolewa kwa mwajiri maalumu, anayehamia shirika lingine huombewa upya.

Sheria ya 2015 inamtaka pia mwajiri awe na mpango wa kuwaandaa raia kurithi nafasi ya mgeni.

Historia mkoani Kagera

Historia ya Kagera inaonyesha hatari ya kutegemea wageni peke yao. Wamisionari wa Afrika, Wakatoliki, walifika Kashozi mwaka 1892, na Walutheri wa misheni ya Betheli kutoka Ujerumani walifika Bukoba mwaka 1910. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwaondoa Wajerumani. Baadhi yao waliruhusiwa kurudi katika miaka ya 1920. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939 walizuiliwa tena, na sharika zikabaki mikononi mwa wainjilisti na wachungaji wenyeji. Baadaye walikuja Waswidi, akiwemo Bengt Sundkler.

Sundkler alikuwa askofu wa kwanza wa Kanisa la Kilutheri huko Bukoba kuanzia mwaka 1961. Mwaka 1964 alimwachia nafasi hiyo Josiah Kibira, mzaliwa wa Buhaya, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa kuwa rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani.