Mzigo wa Neno "Masafa": Istilahi za Mawasiliano ya Angani kutoka Tunguu hadi Newala

Utangulizi

Lugha hupokea maarifa mapya kwa njia mbili kuu. Huweza kukopa neno pamoja na kitu chenyewe, kama Kiswahili kilivyokopa antena na setilaiti; au huweza kulitwisha neno la zamani maana mpya. Njia hii ya pili hupendwa sana na waundaji wa istilahi, nasi tumo miongoni mwao, kwa kuwa neno lililozoeleka halimtishi msomaji. Lakini neno nalo, mithili ya mchukuzi, lina kiasi cha mzigo liwezacho kubeba. Katika makala hii tunakusudia kufuata historia ya neno moja, masafa, ambalo mawasiliano ya redio na ya angani yamelitwisha maana mbili mpya juu ya ile liliyokuwa nayo, na kuonyesha kwa nini yatupasa kulipunguzia mzigo.

Hebu tutazame sentensi hii: "Redio ya masafa mafupi hutumia masafa ya juu ili kufika masafa marefu." Sarufi yake haina dosari, na yote isemayo ni kweli. Hata hivyo mwanafunzi wa shule ya msingi akiisoma atadhani anafumbiwa fumbo, na mfasiri akiikuta katika kanuni za serikali hatajua ashike lipi.

Tumeamua kuitazama historia hii kutoka Masasi na Newala, na sababu yetu ni ya kijiografia. Newala imekaa ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, mahali ambapo ardhi hukatika ghafla na kuteremka kuelekea bonde la Ruvuma. Masasi iko chini, katika nchi tambarare yenye vilima vya mawe. Kwa mstari ulionyoka, kati ya miji hii miwili hazifiki kilomita 70. Lakini kwa wimbi la redio kilomita hizo chache huweza kuwa ngumu kuliko maelfu, na ugumu huo ndio unaoidhihirisha kasoro ya istilahi yetu.

Masafa ya mguu

Neno masafa lilitufikia kutoka Kiarabu, na maana yake huko ni umbali. Wako wanaodhani kwamba ni ndugu wa safari na msafiri. Kumbe mizizi yake katika Kiarabu ni mbalimbali, ijapokuwa matumizi yameyakutanisha. Katika Kiswahili cha kale cha pwani masafa yalipimwa kwa siku za mwendo.

Hivyo ndivyo yalivyopimwa mwaka 1876, Askofu Edward Steere alipowaongoza watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja, wakapitia Lindi, wakaenda kuanzisha makazi Masasi. Steere ndiye aliyeandika vitabu vya mwanzo vya sarufi ya Kiswahili cha Unguja, na pamoja na watu wale Kiswahili hicho kilipanda bara, kikakaa jirani na Kiyao, Kimakua na Kimakonde. Barua ya kutoka Masasi kwenda Unguja ilikwenda kwa mguu na kwa chombo cha bahari. Katika hali hiyo neno masafa lilikuwa na mzigo mmoja tu.

Masafa ya wimbi

Mzigo wa pili ulikuja na redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kutangaza mwaka 1951. Ikafuatwa na Shirika la Utangazaji la Tanganyika mwaka 1956, na Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965. Ili kuifikia nchi pana kama yetu ilibidi kutumia mawimbi mafupi. Kuanzia miaka ya 1960 Radio Tanzania ilitoa pia nafasi kwa vyama vya ukombozi, na sauti ya FRELIMO ikavuka Ruvuma bila kuhitaji mtumbwi.

Mawimbi hayo yana sifa moja ya ajabu. Juu ya dunia, kuanzia kilomita kadhaa za makumi hadi mamia, liko tabaka la hewa lililochajiwa umeme na miali ya jua. Wimbi fupi likipanda hulikuta tabaka hilo, likarudishwa chini mbali sana na lilikotoka. Kati ya mahali linapoishia wimbi linalotambaa ardhini na mahali linapotua lile lililorudishwa kutoka juu, huwapo pete ya ukimya. Ndiyo maana mtambo wa mawimbi mafupi uliopo Masasi waweza kusikika Ulaya saa ile ile ambayo hausikiki Newala.

Sasa, wimbi huitwa fupi kwa kipimo gani? Si kwa mwendo linaokwenda, bali kwa nafasi iliyopo kati ya kilele kimoja cha wimbi na kilele kinachofuata. Nafasi hiyo nayo ni umbali, na inaelekea kwamba ndiko lilikopatikana jina masafa mafupi. Aliyelichagua hakukosea kwa upande wa maana. Kosa lilijitokeza baadaye.

Mawimbi yote ya redio huenda kwa mwendo wa mwanga, karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kwa hiyo kadiri nafasi kati ya vilele inavyokuwa fupi, ndivyo vilele vingi zaidi vinavyopita kila sekunde. Hesabu ya vilele hivyo hupimwa kwa hezi, kilohezi na megahezi. Wimbi la megahezi 7 lina urefu wa meta 43 hivi. La megahezi 145 lina meta 2 tu. Wasikilizaji walipozoea kutafuta kituo kwa tarakimu za kilohezi na megahezi, hesabu hiyo nayo ikaitwa masafa. Huu ukawa mzigo wa tatu, nao ni kinyume cha ule wa pili: masafa ya wimbi yakifupika, masafa ya megahezi hupanda.

Kituo cha Tunguu

Mambo yalikuwa yamefikia hapo mawasiliano ya angani yalipobisha hodi, na hayakubisha mbali nasi. Mwaka 1960 Marekani ilikubaliana na Uingereza kujenga kituo Tunguu, kisiwani Unguja, kwa ajili ya mpango wake wa Mercury wa kupeleka watu angani. Tarehe 20 Februari 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara 3, kila mzunguko karibu dakika 88, Tunguu ilikuwa miongoni mwa vituo vilivyozungumza naye.

Chombo kilicho urefu wa kilomita 200 huweza kusikika na antena yoyote iliyo ndani ya kilomita 1,500 na zaidi kutoka chini yake. Newala iko karibu kilomita 530 kusini mwa Tunguu. Kwa hiyo chombo kilichopita juu ya Unguja kilikuwa kimepita pia katika anga ionekanayo na Newala. Eneo la namna hii Waingereza huliita kwa neno lao la unyayo, na tumeona tafsiri zinazolichukua hivyo hivyo. Hatuoni haja. Watangazaji wetu wana neno usikivu, wasemapo usikivu wa kituo ni mzuri au hafifu. Basi eneo la usikivu latosha, na mwalimu hatalazimika kueleza setilaiti imekanyaga nini.

Kituo cha Tunguu kiliandamwa na tuhuma kwamba ni kituo cha makombora, nacho kikafungwa mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Ubishi ule ulikuwa wa siasa, wala hatudai kwamba neno ndilo lililouleta. Lakini unatufundisha jambo kuhusu kitenzi kurusha. Leo twasema kurusha roketi na kurusha matangazo, na mtu akiandika kituo cha kurusha bila kuongeza neno, ameacha mlango wazi. Tunguu haikurusha chombo chochote. Ilisikiliza na kutuma mawimbi. Kituo kilichorusha vyombo kilikuwa kwingine: katika jukwaa la San Marco, lililojengwa na Waitalia baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Hapo, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilirushwa setilaiti ya kwanza iliyotengwa kuchunguza eksirei zitokazo angani, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru.

Redio za ridhaa

Sambamba na serikali walikuwapo watu wa kawaida wenye mitambo yao. Tarehe 12 Desemba 1961, siku 3 baada ya uhuru wa Tanganyika, ilipaa kutoka California setilaiti ndogo yenye uzito wa kilo 4.5 hivi, iliyotengenezwa na wapenzi wa redio na kubebwa mahali pa uzito wa kusawazishia roketi. Jina lake, OSCAR 1, ni kifupi cha maneno yenye maana ya setilaiti izungukayo iliyobeba redio ya ridhaa. Ilituma salamu fupi ya Kiingereza kwa alama za Morse, katika megahezi 145 hivi, na watu zaidi ya 500 katika nchi 28 walitoa taarifa kwamba wameisikia. Mawimbi mafupi yasingefaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa hurudishwa na tabaka tulilolitaja. Wimbi la meta 2 hulipenya.

OSCAR 7, iliyorushwa tarehe 15 Novemba 1974, ilipokea mawimbi na kuyatuma tena kutoka urefu wa kilomita 1,450 hivi. Setilaiti ya aina hiyo ikipita juu ya kusini mwa Tanzania huonekana kwa dakika 20 hivi, na katika dakika hizo Masasi na Newala zaweza kusemezana bila kujali ukingo wa uwanda uliopo kati yao.

Lakini setilaiti hiyo haitulii. Inapokaribia, sauti yake husikika katika kiwango cha juu kuliko ilichotuma; inapoondoka husikika katika kiwango cha chini, kama honi ya lori linalompita mtu barabarani. Mfasiri anayetumia neno moja atajikuta ameandika: "Masafa yanapopungua, masafa huwa juu." Hapa muktadha haumwokoi msomaji tena, maana umbali na hesabu ya mawimbi vimo katika sentensi moja, navyo ndivyo vinavyolinganishwa.

Neno ridhaa nalo linahitaji kutetewa. Michezoni limezoeleka kuwa ni la wachezao bila malipo. Katika redio, kanuni za kimataifa zinamtaja mtu aliyeidhinishwa kisheria, anayejifunza, kuwasiliana na kuchunguza ufundi kwa nia yake binafsi pasipo kutaka fedha. Ridhaa yaibeba maana hiyo vizuri. Tafsiri kama "redio ya wasio wataalamu" ni upotoshaji: mwenye mtambo wa ridhaa huwa na kibali na alama yake ya wito, ambayo kwa Tanzania huanza na 5H, na aghalabu ameufahamu mtambo wake kuliko karani anayepokea maombi yake. Tafsiri mbaya ikiingia katika fomu, mwalimu anayetaka kufundisha kwa vitendo ataonekana mbabaishaji, au mtu wa kutiliwa shaka.

Ungo wa Newala

Tarehe 15 Novemba 2018 ilirushwa setilaiti ya Qatar, Es'hail-2, iliyobeba kwa mara ya kwanza mitambo ya ridhaa katika kimo cha kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, ambako setilaiti huizunguka dunia sawasawa na mzunguko wa dunia yenyewe, hata ikaonekana imesimama. Kwa mtu wa Newala imesimama kaskazini-magharibi, digrii 70 hivi juu ya upeo. Kwa mtu wa Berlin haifiki digrii 30.

Tofauti hiyo yaonekana katika antena. Ulaya antena ya duara hutazama mbele, kama sahani iliyosimamishwa kabatini. Newala, ile kubwa yenye kipokezi katikati hutazama juu, kama ungo mikononi mwa apepetaye. Watu wetu husema dishi, na wengine ungo. Hatuna sababu ya kuliona ungo kuwa neno la chini. Limetokana na kile macho yanachokiona kusini mwa ikweta. Tena katika masimulizi yetu ya usiku ungo ulikwisha kupaa zamani, kabla ya roketi yoyote.

Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya tunapendekeza, kwa maandishi ya kitaalamu, ya shule na ya serikali, mambo manne.

Kwanza, masafa libakizwe kwa hesabu ya mawimbi kwa sekunde. Matumizi ya umma, na ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania katika kusimamia masafa ya redio, yameelekea huko, na si busara kupingana nayo. Masafa hayo yasemwe kuwa ya juu au ya chini, kamwe yasiwe marefu wala mafupi.

Pili, nafasi kati ya vilele iitwe urefu wa wimbi, na redio husika iitwe ya mawimbi mafupi.

Tatu, mwendo kati ya mahali na mahali uitwe umbali. Hatumkatazi mshairi masafa yake marefu. Tunamwomba mhandisi awaachie washairi.

Nne, chombo kirushwe, wimbi litumwe.

Kwa mgawanyo huu mwalimu ataandika ubaoni: "Redio ya mawimbi mafupi hutumia masafa ya juu na hufika mbali," na hakuna atakayeona fumbo. Jambo hili halingoji. Chuo Kikuu cha Nairobi kilipata setilaiti yake ndogo angani mwaka 2018, Uganda ikafuata mwaka 2022, na Kenya ikaongeza Taifa-1 mwaka 2023. Fomu, vitabu na vibali vya vyombo vya namna hiyo vitaandikwa kwa lugha fulani. Tungependa viandikwe kwa Kiswahili ambacho karani wa Masasi na fundi wa Newala watakisoma na kuelewa jambo lile lile.