Wapangaji wa Jani

Katika mwaka 1866 mwanachuoni Mjerumani, Anton de Bary, alizitenga kuvu zikaazo juu ya ngozi ya mmea na zile zikaazo ndani ya mwili wake. Hizi za pili ndizo ziitwazo endofiti. Jina hilo halikuwa na lawama: lilitaja makao, halikutaja tabia. Hata hivyo wataalamu walikawia sana kuwatambua wapangaji waishio ndani ya jani kwa amani.

Sababu yake, kwa maoni yangu, ni kahawa. Mwaka 1869 kutu ya majani ilizuka katika mashamba ya mibuni ya Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo. Harry Marshall Ward, kijana Mwingereza aliyepelekwa huko mwaka 1880, alionyesha kwa hadubini jinsi chembe ya kuvu ile ichipuavyo na kupenya katika vitundu vya kupumulia vilivyo upande wa chini wa jani. Kazi yake ilikuwa bora, ila haikuwaokoa wenye mashamba, nao wakageukia chai. Tangu hapo kuvu iliyomo ndani ya jani ilihesabiwa kuwa maradhi. Jani lenye madoa lilipelekwa maabara; jani zima liliachwa mtini.

Katika miaka ya 1970 George Carroll na wenzake, katika pwani ya magharibi ya Marekani, waliyachunguza majani mazima ya miti ya jamii ya misonobari, wakakuta kuvu ndani yake. Njia itumiwayo ni nyepesi: jani huoshwa kwa dawa hata kuvu za nje zife, hukatwa vipande vidogo mno, navyo hulazwa juu ya chakula cha kuoteshea. Kitakachoota kimetoka ndani.

Kwa njia hiyo Elizabeth Arnold na wenzake walitangaza mwaka 2000 kwamba majani 83 tu ya miti ya aina mbili, katika msitu wa Panama, yalitoa kuvu za sura 418. Nyingi zilionekana mara moja tu. Jani changa huchipua likiwa karibu tupu. Wapangaji huletwa na hewa na mvua.

Msomaji atauliza: wanalipa kodi gani? Mwaka 2003 watafiti hao walitoa habari za miche ya mikakao. Baadhi ya majani waliyatia endofiti, mengine wakayaacha bila kitu, kisha yote wakayaambukiza kimelea cha Phytophthora. Majani matupu yalikufa zaidi. (Basi dawa ya kuua kuvu, inyunyizwapo shambani, yaweza kumfukuza mlinzi pamoja na mwizi.) Nafuu ile haikuenea mti mzima, ilikaa hasa katika jani lenye wapangaji, tena ilizidi katika majani yaliyokomaa, ambayo kinga yao ya asili ni haba kuliko ya majani machanga.