Sera za usafiri wa mijini: Mbinga na Mbamba Bay
Sera ya usafiri wa mijini huamua nani anamiliki barabara, nani anatoa leseni na nani anapanga njia na nauli. Nairobi iliacha matatu zijitafutie riziki tangu tamko la Rais Kenyatta mwaka 1973, ikazibana kwa kanuni za mwaka 2004: vidhibiti mwendo, mikanda na mstari wa njano. Kigali iligawa mji katika kanda mwaka 2013, ikazikabidhi kampuni chache kwa mikataba. Dar es Salaam, iliyoruhusu mabasi ya watu binafsi mwaka 1983, ilianza mabasi ya mwendokasi Mei 2016 kwa awamu ya kilomita 21.

Mbinga, mji wa kahawa katika milima ya Umatengo, hauna hata mwanzo wa mjadala huo. Watu huenda kwa miguu, bodaboda na bajaji, na mamlaka yamegawanyika. Barabara kuu inayokatiza mjini iko chini ya TANROADS, wakala wa barabara kuu za taifa, mitaa iko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanzishwa mwaka 2017, na leseni na nauli za mabasi zinasimamiwa na LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini iliyorithi kazi za SUMATRA mwaka 2019. Halmashauri inabaki na stendi, masoko na upimaji wa viwanja. Si haba: mahali palipowekwa stendi ndipo panapoamua mama wa sokoni alipe bodaboda au atembee. Kwa mji wa ukubwa huu sera ya usafiri imo katika ramani ya viwanja, ingawa wachache huiita hivyo.

Wakazi wengi wa Mbinga wana safari nje ya mji: vijijini msimu wa kahawa, Songea kwa hospitali, au Ziwa Nyasa. Lami kutoka Peramiho ilijengwa kwa fedha za Marekani, na ile ya kushuka hadi Mbamba Bay, kama kilomita 66, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kabla yake, mteremko huo wakati wa masika ulikuwa kazi ya magari ya nguvu na madereva wenye moyo.

Ziwani ni habari nyingine. Wakazi wa Liuli na Lituhi wametegemea boti na meli kwa miaka mingi, na Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa iliyomegwa kutoka Mbinga, inajengewa bandari mpya na Mamlaka ya Bandari ili kuhudumia Ushoroba wa Mtwara, njia ya mizigo kati ya bandari ya Mtwara na ziwa, pamoja na mizigo ya Malawi. Ushoroba hupangwa kitaifa, stendi hupangwa na halmashauri. Malori ya bandarini yatapita Mbinga kwenye barabara ileile ambako bodaboda husubiri abiria.